"Alikuwa Amefika": Kazi ya Kitenzi "Kuwa" katika Kuandika Mambo Yaliyotangulia

Imekuwa desturi ya vitabu vingi vya sarufi ya Kiswahili kuliweka umbo la "alikuwa amefika" karibu na mwisho wa orodha ya njeo, na kulipa maelezo ya mstari mmoja au miwili: kwamba umbo hili hulitaja tendo lililokwisha kabla ya tendo jingine lililopita. Maelezo hayo si ya uongo, lakini ni mafupi kupita kiasi, na ufupi wake umezaa mazoea yasiyofaa katika tafsiri, katika uandishi wa historia, na zaidi ya yote katika kunakili maneno ya mashahidi. Mwenye kuyashika maelezo hayo peke yake huamini kwamba jambo lolote lililotangulia jingine halina budi kuvikwa "alikuwa ame-". Kutokana na imani hiyo hupatikana kurasa nzima ambamo watu walikuwa wamesema, walikuwa wamekwenda na walikuwa wamerudi, hata msomaji asijue nani yuko wapi.

Asili ya mazoea haya yajulikana. Sarufi za kwanza, tangu ile ya Krapf iliyochapwa mwaka 1850 na kitabu cha Steere cha mwaka 1870, ziliandikwa kwa ajili ya wageni waliotaka kujifunza lugha, na walioziandika walikuwa watu waliofundishwa sarufi kwa majedwali ya Ulaya. Katika majedwali hayo kila njeo ina chumba chake, na chumba kikiwa kitupu hutafutwa umbo la kukijaza. Bibi E. O. Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, alikwenda mbali kuliko waliomtangulia. Yeye aliona kwamba "-me-" haionyeshi wakati tu bali ukamilifu wa tendo na hali inayobaki baada yake, na kwamba katika maumbo ya vitenzi viwili kila kitenzi kina kazi yake. Kwa bahati mbaya, kilichoshikwa mashuleni ni majedwali, si maelezo ya mama huyo. Na kwa kuwa vitabu vingi vya kusoma vilivyotolewa baada ya kuundwa Kamati ya Lugha mwaka 1930 vilikuwa tafsiri za vitabu vya Kiingereza, umbo la "alikuwa ame-" likazoeleka kuwa ndilo jibu la njeo ya Kiingereza, neno kwa neno.

Baadaye wanaisimu walipata chombo kizuri zaidi. Mwaka 1947 Hans Reichenbach alieleza kwamba njeo haitoshi kupimwa kwa nukta mbili, yaani wakati wa kusema na wakati wa tendo. Yatakiwa nukta ya tatu, ambayo ndipo msemaji anapojiweka ili kulitazama tendo. Katika njeo ya Kiingereza inayozungumzwa hapa, tendo liko nyuma ya nukta ya kutazamia, nayo nukta hiyo iko nyuma ya wakati wa kusema. Chombo hiki kinafaa, na kwa Kiswahili kinafaa hata kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu Kiswahili kina neno zima, kitenzi "kuwa", la kuishika nukta ile ya katikati. Lakini bado jambo moja limesahauliwa: katika Kiswahili, mtu asimamapo kwenye nukta hiyo hatazami nyuma kuliona tendo. Hutazama pale pale aliposimama, akaona kile ambacho tendo limekiacha.

Ushahidi wa kwanza wa neno hili umo katika "-me-" yenyewe. Mtu akisema "mtoto amelala", hatoi habari ya tendo lililokwisha. Asema kwamba mtoto yumo usingizini. "Amesimama mlangoni" maana yake yupo pale, wima. "Amevaa kanzu" maana yake kanzu iko mwilini. Wasemaji wengi husema bila shida "mgeni amekuja jana", ingawa neno "jana" lapasa kudai "-li-" kama sarufi ingefuata wakati wa tendo peke yake. Husema hivyo kwa kuwa mgeni yungali nyumbani, na siku ya kuja kwake ni maelezo tu juu ya hali iliyopo. Huyo mgeni akiisha kuondoka, sentensi hubadilika mara moja ikawa "mgeni alikuja jana". Wataalamu wengi hukubali kwamba "-me-" ilitokana na kitenzi cha kale, "-mala", chenye maana ya kumaliza. Njia hiyo hiyo yaonekana leo kwa macho katika kitenzi "kwisha": "amekwisha kufika", kisha "amekwishafika", kisha "ameshafika", na vinywani mwa watu "keshafika". Kitenzi cha kumaliza huchakaa, hugeuka kiambishi, na kinapokuwa kiambishi huacha kusimulia kumalizika na kuanza kueleza hali.

Ushahidi wa pili ni kwamba "-me-" haihitaji "kuwa" ili kuirudia nyuma. Katika masimulizi ya kawaida husemwa:

(1) Alimkuta mzee amelala.
(2) Akafungua mlango, kumbe mgeni ameondoka.

Hapa hakuna "alikuwa", wala hakuna msikilizaji anayedhani kwamba mzee amelala sasa, wakati wa kusimuliwa. Kitenzi "kukuta" katika sentensi ya kwanza, na ufunguzi wa mlango pamoja na neno "kumbe" katika ya pili, vimekwisha kumweka msikilizaji mahali pa kutazamia. "-Me-" yaonyesha tu kilichopo hapo. Kwa hiyo "-me-" haipimwi kwa wakati wa kusema, bali kwa nukta yoyote iliyowekwa na maneno yaliyotangulia. "Kuwa" nacho hutumika pale ambapo nukta hiyo haijawekwa na kitenzi kingine, au pale ambapo msemaji ataka kuikazia. Katika "nilipofika, mgeni alikuwa ameondoka", neno "alikuwa" ni kiti cha shahidi, na "ameondoka" ni kile alichokiona, yaani chumba kitupu.

Ikiwa ndivyo, basi yafuata kwamba umbo hili halifai kila tendo lililotangulia. Linafaa pale tu ambapo athari ya tendo ilikuwa ingalipo kwenye nukta ya kutazamia. Mifano ya historia inayojulikana yatosha kuonyesha tofauti. Ni sawa kabisa kuandika:

(3) Wareno walipofika pwani mwaka 1498, Uislamu ulikuwa umeenea katika miji mingi.
(4) Wareno walipoiteka Kilwa mwaka 1505, Msikiti Mkuu ulikuwa umejengwa zamani.

Dini ilikuwapo, na msikiti ulikuwa umesimama mbele ya macho yao. Lakini mtu akiandika:

(5) Wareno walipoiteka Kilwa mwaka 1505, Ibn Battuta alikuwa amefika mjini humo mwaka 1331.

msomaji aliyeipata lugha kwa mama yake hushtuka. Kwa nukta moja humwona msafiri yule yumo mjini huku mizinga ikilia, mpaka tarakimu za mwaka zimrudishe nyuma miaka 174. Kosa haliko katika tarehe, maana zote mbili ni za kweli. Liko katika umbo, ambalo limemweka Ibn Battuta mahali ambapo hakuwapo. Katika Kiingereza sentensi hiyo haina ila, nayo ndiyo asili ya kosa.

Mfano mwingine waonyesha kwamba jambo hili hutegemea pia kitenzi chenyewe. Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa Unguja, mwezi wa Juni mwaka 1873, Livingstone alikuwa amekufa; alifariki Mei Mosi mwaka huo huo. Umbo hilo ni sahihi, kwa kuwa mauti hayana marejeo na hali yake haiondoki. Lakini haiwezekani kuongeza kwa namna hiyo hiyo kwamba mtu huyo "alikuwa amekaa Unguja", kwa kukusudia kwamba alikaa huko miezi ya kwanza ya mwaka 1866. Maneno "alikuwa amekaa Unguja" humfanya awe Unguja siku ya mkataba, tena mzima. Vitenzi kama kukaa, kulala, kusimama, kuvaa, kushika na kuchoka vyote vina tabia hii: katika "-me-" huonyesha hali tupu. Kinyume chao, vitenzi kama kucheza, kucheka na kutembea havibakizi hali inayoonekana; ndiyo maana "alikuwa amecheza" humwacha msikilizaji akingoja, kana kwamba sentensi imekatwa katikati, mpaka aambiwe kwamba alikuwa amechoka au alikuwa anatoka jasho.

Je, Kiswahili kimekosa njia ya kusema kwamba jambo lilitangulia jingine bila kuacha hali? La. Zipo njia tatu zaidi, na kila moja ina maana yake. Ya kwanza ni kitenzi "kwisha", kinachokaza kwamba jambo halikuwa tena la kungojewa: "barua ilikwisha kuandikwa". Ya pili ni "kupata" au "kuwahi", vinavyoeleza kwamba jambo lilimtokea mtu angalau mara moja katika maisha yake, pasipo kudai kwamba lilidumu: "Ibn Battuta alipata kufika Kilwa", "Livingstone aliwahi kukaa Unguja". Ya tatu, na ndiyo nyepesi kuliko zote, ni "-li-" ya kawaida pamoja na neno la wakati, kama zamani, kwanza, tangu, au tarehe yenyewe: "Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, Wareno waliiteka miaka 174 baadaye." Pale Kiingereza kilipo na umbo moja, Kiswahili kina manne. Anayeyatafsiri yote kwa "alikuwa ame-" hapotezi mapambo, hupoteza maana tatu kati ya nne.

Upande wa kukanusha wathibitisha hayo hayo. Sarufi ya majedwali hutoa "hakuwa amefika" kuwa kinyume cha "alikuwa amefika". Umbo hilo lipo, na lina kazi: hukanusha neno lililodaiwa, kama mtu ajibuye, "La, saa ile hakuwa amefika, mliyemwona ni ndugu yake." Lakini katika kusimulia, msemaji asiyebishana na mtu husema "alikuwa hajafika". Kitenzi "kuwa" hubaki katika kukubali, kwa kuwa nukta ya kutazamia ipo. Kinachokanushwa ni hali, na "-ja-" huongeza kwamba jambo lilikuwa likingojewa. Mambo hayo mawili hayawezi kuelezwa na kanuni isemayo tu kwamba tendo moja lilitangulia jingine, maana hapa hakuna tendo lililotangulia. Kadhalika husemwa "aliondoka kabla mvua haijanyesha", na utaratibu wa mambo hukamilika pasipo "alikuwa" hata mara moja.

Inafaa pia kuangalia jinsi wasimulizi wenyewe walivyoandika kabla mazoea ya tafsiri hayajaenea. Tippu Tip aliyaandika maisha yake kwa Kiswahili, na Heinrich Brode akayachapisha Berlin katika miaka ya 1902 na 1903. Baadaye yalitolewa tena pamoja na jarida la Kamati ya Kiswahili, mwaka 1958 na 1959, pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya W. H. Whiteley. Habari zake ni za miaka mingi na safari nyingi, na watu wanaingia na kutoka. Hata hivyo masimulizi huenda kwa mlolongo wa "-ka-", jambo baada ya jambo, kwa mfuatano ule ule yaliotokea. Msimulizi wa namna hii hana haja kubwa ya kurudi nyuma, maana hakulipita jambo bila kulitaja. Anaporudi nyuma msikilizaji hujua kwamba ana sababu: amefika mahali, na amekuta jambo ambalo halikuwa machoni pake lilipotendeka. Hapo ndipo "-me-" hupata nguvu yake. Umbo hili ni la mtu anayekuta.

Na hapa ndipo jambo hili linapoacha kuwa shauri la ufasaha tu. Mwaka 1968 Idara ya Historia ya chuo kilichokuwa wakati huo Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam ilianza kuwatuma wanafunzi vijijini kuyakusanya masimulizi ya Vita vya Majimaji vya mwaka 1905. Wazee waliohojiwa walikuwa wakizungumza habari za miaka zaidi ya sitini nyuma. Kazi za namna hiyo zimefanywa tangu hapo mara nyingi, na zingali zikifanywa, juu ya vita, uhamaji, njaa na mashamba. Thamani yake yote hukaa juu ya swali moja: msemaji aliliona jambo lenyewe, au aliona alama zake, au alisimuliwa? Kiswahili humjibia mwulizaji swali hilo hata kabla hajauliza. Chukua sentensi mbili ambazo mzee yeyote angeweza kuzisema:

(6) Tuliporudi, nyumba ziliungua.
(7) Tuliporudi, nyumba zilikuwa zimeungua.

Katika ya kwanza moto uliwaka baada ya wao kurudi, na msemaji ni shahidi wa moto. Katika ya pili aliyoyaona ni majivu. Nani aliyewasha, kwa mkono upi na siku gani, hayo si ushahidi wake. Mwenye kunakili akiigeuza ya pili kuwa ya kwanza kwa sababu ameona "alikuwa" nyingi katika ukurasa, amempa mzee macho ambayo hakudai kuwa nayo. Akiigeuza ya kwanza kuwa ya pili kwa kudhani kwamba jambo la kale lataka njeo ya kale zaidi, amemnyang'anya ushahidi wake.

Katika kesi za ardhi tofauti hiyo yaweza kuwa shamba zima. Shahidi anaposema "mwaka wa mafuriko, babu alikuwa amehamia ng'ambo ya mto", asema kwamba mwaka ule babu hakuwapo upande huu. Anaposema "babu alipata kuhamia ng'ambo", amekubali kuhama lakini ameacha mlango wazi: huenda alirudi kabla ya mafuriko. Na anaposema "babu alihamia ng'ambo mwaka wa mafuriko", ameitaja tarehe ya kuhama kwenyewe. Karani anayeziandika sentensi hizi tatu kwa Kiingereza kwa njeo moja, kisha zikarudishwa katika Kiswahili kwa umbo moja, amezifanya kuwa ushahidi mmoja. Hakuna aliyesema uongo, lakini kweli imekwisha kupotea njiani.

Hapana budi kulitaja shauri la upande wa pili, nalo lina uzito. Husemwa kwamba lugha hukua kwa kazi inayopewa. Kwamba uandishi wa kitaalamu wahitaji umbo la kuonyesha utangulizi peke yake, bila hali. Na kwamba wasomaji wengi wa leo wamekwisha kulizoea "alikuwa ame-" kwa maana hiyo, hasa kwa kusoma magazeti na tafsiri. Ni kweli kwamba mazoea ya wengi hatimaye ndiyo sarufi, wala hakuna mtaalamu awezaye kuyazuia kwa makala. Lakini shauri hilo lingekuwa na nguvu kamili kama maana ya zamani ingekuwa imekufa, nayo haijafa. Yule yule anayeandika "alikuwa amekaa" kwa maana ya utangulizi, akiwa nyumbani kwake atasema "nilimkuta amekaa" kwa maana ya hali, na ataeleweka. Umbo moja lenye maana mbili, moja ya mezani na moja ya kinywani, laweza kuvumiliwa katika hadithi, ambapo msomaji husaidiwa na mengine yote. Katika ushahidi na historia ni hatari, kwa sababu msomaji hana mahali pengine pa kuuliza.

Wala haisemwi hapa kwamba umbo hili liepukwe. Kuliepuka ni kosa la pili linalozaliwa na la kwanza: wahariri wengine, wakichoshwa na wingi wa "alikuwa", huzifuta zote na kuweka "-li-" mahali pake, hata pale ambapo hali ndiyo habari yenyewe. Linalotakiwa ni mwandishi ajiulize, kila anapotaka kuandika "alikuwa ame-": ikiwa msomaji atasimamishwa kwenye nukta ile ya wakati, atalikuta nini? Akiwa atakuta hali iliyobaki, umbo ni lake. Akiwa hatakuta kitu, basi jambo lilikuja likapita, na lugha ina "kwisha", ina "kupata", ina "kuwahi", na ina "-li-" pamoja na tarehe.

Kwa wale wanaonakili masimulizi ya mdomo, kanuni ni fupi zaidi: vitenzi vya msemaji visiguswe. Majina yaweza kusawazishwa kwa tahajia, vituo vyaweza kuongezwa, hata matamshi ya lahaja yaweza kuelezwa pembeni. Lakini "-me-", "-li-", "-ka-", "-ja-" na "kwisha" viachwe kama vilivyotamkwa, na pale ambapo mnakili ana shaka, arudi kwa msemaji kumwuliza maadamu yu hai. Nazo sarufi zitakazoandikwa kwa ajili ya wanafunzi zingefanya vema kuliondoa umbo la "alikuwa amefika" katika orodha ya njeo, na kuliweka katika sura ya vitenzi viwili: kimoja cha kusimama, kingine cha kuona.